Nilitoka kwenye ini nikaenda kwa mbu

Binti mmoja wa Wete ameniandikia ujumbe. Amemaliza shahada ya kwanza ya baiokemia, kazi yake ya mwisho aliifanya juu ya ini, na sasa ameitwa kwenye maabara ya wadudu hapa hapa Pemba. "Shikamoo mwalimu," ananiambia, "nikenda kwa mbu, si nitakuwa nimeitupa miaka yangu yote?" Nilimpigia simu tukazungumza mpaka salio likaisha. Yaliyobakia nayaandika hapa, kwa sababu kila mwaka napata ujumbe kama huu, na mara nyingi anayeuliza keshaikataa nafasi moyoni kabla hajajibiwa.

Mimi nilikaa na ini miaka tisa. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili na neva za wadudu. Sioni mwaka uliopotea, ila yapo mambo niliyafanya vibaya nilipohama, na sipendi mwengine ayarudie.

Nilianza na ini kwa sababu ya ami yangu. Alikuwa mtu wa Mtambile, mwembamba, na msimu wa karafuu ukifika hakuna aliyemfikia kwa kupanda na kuchuma. Macho yakaanza kuwa manjano, kisha miguu ikavimba, kisha tumbo likajaa maji. Watu walisema mengi. Mwisho ikaingia akilini. Mchana akilala, usiku akikesha, akimwita mama yangu kwa jina la bibi aliyekwisha kufa zamani. Hospitali, daktari alimwambia anyooshe mikono mbele na ainue viganja, kama mtu anayesimamisha gari. Viganja vikaanza kupiga vyenyewe: vinaanguka, vinainuka, vinaanguka, kama mbawa. Nilikuwa nimesimama kando nimeshika chupa ya chai. Nikamuuliza daktari, mkono una nini? Akasema mkono hauna kitu. Ini ndilo lililojaa makovu, halisafishi damu tena, na amonia inayotoka matumboni inapita mpaka kichwani bila ya kizuizi.

Nilikuwa kidato cha pili. Swali lililonikaa tangu siku ile halikuwa la ini peke yake: sumu inasafiri vipi mpaka ifike kwenye fahamu, na njiani nani anaizuia? Nililibeba swali hilo miaka mingi bila ya kujua kwamba ndilo langu. Nilidhani langu ni ini.

Ami alikuwa na homa ya ini B. Nalisema hili waziwazi kwa sababu bado kuna nyumba linafichwa. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, kiasi cha watoto 9 katika 10 hubaki na virusi hivyo mwilini kwa muda mrefu, pengine maisha. Mtu mzima akiambukizwa, ni chini ya 1 katika 20. Tanzania iliingiza chanjo yake katika chanjo za kawaida za watoto mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, nenda kapime, na ukionekana huna, omba chanjo. Na karanga zilizoota ukungu zitupe, hata kama umezinunua kwa taabu. Sumu kuvu ikikutana na homa ya ini B katika mwili mmoja, hatari ya saratani ya ini hupanda mara nyingi kuliko kila moja ikiwa peke yake.

Nilipokwenda kusoma Uingereza nilipewa kundi moja la vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kemikali mwilini. Kundi hilo linaitwa saitokromu P450. Hizo 450 zinatokana na mwanga: vimeng'enya hivi vikishikana na kaboni monoksaidi hufyonza mwanga kwa nguvu kwenye nanomita 450. Omura na Sato, wanasayansi wa Japani, ndio waliovipa jina mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sehemu kubwa ya dawa tunazomeza hupitia mikononi mwao. Kazi yangu ya kila wiki ilikuwa kulisaga ini la panya wa maabara, gramu 10 hivi, ndani ya barafu, kulizungusha kwenye mashine, kuchota maji ya juu, kisha kuyazungusha tena kwa kasi kubwa mno saa nzima. Chini ya mrija kinabaki kidonge chekundu-chekundu, kinang'aa, laini kama halua iliyolegea. Ndani ya kidonge hicho ndimo vilimo. Nilikuwa naweza kukitengeneza usiku wa manane bila ya kuangalia maelezo, na nakwambia kweli, ustadi ule wa mikono ndio ulionilisha baadaye kuliko cheti.

Mwaka wa nane umeme ulikatika mwisho wa wiki katika jengo tulilokuwa tukifanyia kazi. Jenereta haikuwaka, na kengele ya friji haikumfikia mtu. Jumatatu asubuhi nilifungua friji iliyotakiwa kuwa nyuzi 80 chini ya sifuri, nikakuta maji yanachuruzika mpaka sakafuni. Sampuli za miaka miwili. Nilikaa chini pale pale kwenye maji. Ikiwa una sampuli usiyoweza kuipata tena, igawe mara mbili na nusu yake kaiweke jengo jengine. Fanya hivyo leo.

Baada ya hapo mkataba uliisha na mimi nikarudi nyumbani. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya mbu.

Mama yangu aliniuliza mbele ya watu, "Umesoma mpaka Ulaya, uje kufuga mbu?" Iliniuma, na siku ile sikuwa na jawabu. Nililipata baadaye, nikamweleza habari ya mbung'o wa Unguja. Walikuwepo kisiwani, aina ya Glossina austeni, wakiwaambukiza ng'ombe nagana, malale ya mifugo. Tangu mwaka 1994 mbung'o madume waliolelewa Tanga na kupigwa mionzi wawe tasa walikuwa wanamwagwa kutoka kwenye ndege, wiki baada ya wiki, mamilioni yao. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, na mbegu hizo huzitumia maisha yake yote. Akikutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Waliolifanya hilo ni watu waliokaa miaka wakimjua mdudu mmoja: anakula nini, anapandana vipi, anakufa kwa joto gani. Mama ana ng'ombe wawili, kwa hivyo alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Akauliza, "Na hao mbu wako, lini?"

Waelezeni wazee wenu, jamani, na muwaeleze kwa mfano wanaoujua. Mimi nilikaa kimya miezi minane kwa sababu ya hasira, na miezi minane hiyo mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe amekosa kazi.

Kosa langu kubwa zaidi ni kwamba niliificha miaka ya ini. Nilipoandika maelezo yangu ya kazi nilitanguliza kozi fupi ya wiki mbili ya wadudu, na ile miaka tisa nikaibana katika mistari miwili chini kabisa, nikiogopa wataniona mgeni. Kumbe mgeni ndiye waliyekuwa wakimtaka. Mkuu wa maabara aliniambia baadaye kwamba alikuwa na watu sita wanaomjua mbu na hana hata mmoja anayejua kupima kimeng'enya. Binti wa Wete, mstari wako wa kwanza uwe ule unaoujua kwa mikono yako. Taja kipimo chenyewe, taja mashine yenyewe.

Lakini ukishafika, cheti kiweke kabatini. Nilifika pale na shahada ya uzamivu na sijui kumkamata mbu. Aliyenifundisha ni bwana mmoja wa Micheweni, msaidizi wa maabara, mtu ambaye skuli aliishia kidato cha nne na ambaye mpaka leo namwita mwalimu. Mbu huhamishwa kwa mrija wa kuvuta kwa mdomo, wenye wavu ndani ili usimmeze. Mimi nikivuta kwa nguvu. Akanishika mkono akasema, "Pumzi ndogo, bibie, kama unaionja chai ya moto." Ukivuta kwa pupa unamvunja mbu mguu, na mbu aliyevunjika mguu kesho yake utamhesabu kwamba ameuawa na dawa, kumbe umemuua wewe. Yaani kosa la pumzi linaingia kwenye jadweli na kugeuka kuwa taarifa ya wizara. Nilivuta mbu kila asubuhi wiki sita ndipo akaniambia sasa tunaweza kupima.

Kipimo chenyewe, cha kujua kama dawa bado inawaua mbu, ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya vizuri. Mbu majike 20 mpaka 25, wa siku chache tu, hawajanyonya damu, unawatia kwenye mrija wenye alama ya kijani. Unawaacha watulie. Kisha unawapuliza kwa upole waingie mrija wa alama nyekundu, ambao ndani umezungushiwa karatasi yenye dawa, tuseme permethrini ya asilimia 0.75, dawa ile ile inayotiwa kwenye vyandarua. Saa moja. Unawarudisha kwenye kijani, unawawekea pamba yenye maji ya sukari, na baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Wakifa chini ya 90 katika 100, mbu hao ni sugu.

Siku ya kwanza niliinama nikatazama ndani ya mrija mwekundu. Permethrini inashika milango ya sodiamu kwenye neva, ile inayofunguka neva ikipiga ishara, na kuizuia isifunge, kwa hivyo neva inapiga na kupiga bila ya kupumzika. Mbu mmoja alikuwa amelala chali, miguu inatetemeka, bawa moja linaanguka na kuinuka. Nikaviona viganja vya ami. Sababu zake ni mbali sana, najua: huku dawa imeshika neva yenyewe, kule ini limeacha kuchuja. Lakini swali lilikuwa lile lile, na nililisikia mwilini kabla sijalifikiria. Sumu imefika kwenye fahamu. Nani alitakiwa aizuie?

Mdudu hana ini. Ana tishu ya mafuta iliyotandazwa ndani ya tumbo, nayo ndiyo inayoweka akiba ya sukari na mafuta na kusaidia kuvunja sumu. Na vimeng'enya vinavyovunja permethrini ndani ya mbu sugu ni vipi? Saitokromu P450. Jamaa wa wale wale niliokuwa nikiwatoa kwenye ini la panya. Usugu una njia mbili kubwa. Moja ni mlango wa sodiamu wenyewe kubadilika umbo ili dawa isishike, kama badiliko la asidi amino moja, yaani tofali moja la protini ya mlango, kwenye nafasi ya 1014 lililoelezwa kutoka kwa mbu wa Kenya mwaka 2000. Nyengine ni mbu kuongeza vimeng'enya vyake na kuivunja dawa njiani. Zanzibar ilianza kupuliza majumba kwa lambda-sihalothrini, dawa ya ukoo wa permethrini, mwaka 2006, na utafiti uliochapishwa 2013 ulionesha kwamba kwetu Pemba mbu wa Anopheles arabiensis, wanaoeneza malaria, walikwishaanza kuistahamili. Wakati huo mimi ningali nasaga ini, sina habari.

Basi nikaanza kutengeneza kile kidonge changu cha halua kutoka kwa mbu. Mbu mmoja ana uzito wa miligramu 2 hivi, kwa hivyo hesabu mwenyewe ni wangapi wanahitajika. Barafu ni ile ile, mashine ni ile ile, na mikono ilikumbuka.

Sasa nieleze siku moja ambayo kwangu ndiyo jawabu zima la swali la binti wa Wete.

Kuna kemikali inaitwa piperonili butoksaidi, sisi tunaiita PBO, na vyandarua vipya vingi vimetiwa. Kwa kiwango kinachotiwa humo haimuui mbu, inamfungia tu P450. Ukimpitisha mbu sugu kwenye PBO kwanza, kisha permethrini, anakufa, kwa sababu umemnyang'anya silaha. Tulikuwa tumelifanya hilo mara nyingi. Asubuhi hiyo tukajaribu dawa nyengine, pirimifosi-methili, ambayo nayo imepulizwa kwenye nyumba zetu. Tukatanguliza PBO. Saa 24 baadaye kijana aliyekuwa akihesabu alinyanyuka amefadhaika. Waliopitishwa kwenye PBO walikuwa wamekufa wachache kuliko wasiopitishwa. "Tumechanganya mirija," akasema, na akachukua kalamu ya kuandika "kosa" juu ya ukurasa.

Nikamwambia ngoja. Nilikuwa nimelikumbuka ini na parasetamoli. Mtu akimeza vidonge kwa kiasi, ini huvishughulikia bila ya tabu. Sehemu ndogo hupitia P450, na P450 huigeuza kuwa kitu kikali kinachounguza seli. Glutathaioni, kinga iliyomo ndani ya seli, hukidaka na mambo yakaisha. Akimeza vingi mno, glutathaioni inakwisha, na kile kikali kinaanza kulila ini. Kwa hivyo kidonge ni kile kile, na anayekitengeneza sumu ni ini lenyewe kwa vimeng'enya vyake. Pirimifosi-methili iko hivyo. Inavyopulizwa ukutani haina nguvu kubwa. Ni P450 ya mbu inayoibadilisha ndani ya mwili na kuifanya ikamate kimeng'enya cha kwenye maungio ya neva. Ukimfungia mbu P450, umemwokoa. Na yule mbu mwenye P450 nyingi, aliyekuwa akiishinda permethrini, hapa huenda ndiye anayejipikia sumu yake mwenyewe.

Tulirudia mara tatu, mirija ikiandikwa alama na mtu mwengine asiyejua kilichomo. Matokeo yakabaki yale yale. Wanakemia wa viuadudu walilijua jambo hili zamani, sisi hatukugundua kitu kipya duniani. Lakini katika chumba kile, asubuhi ile, aliyezuia kalamu isiandike "kosa" alikuwa mtu aliyetoka kwenye ini.

Ila lazima niseme na upande wa pili. Nilipoanza kazi ya mbu nilikuja nimeshaamua kwamba P450 ni adui, kwa sababu kwenye parasetamoli ndiye anayeharibu. Nusu mwaka nilisoma matokeo ya permethrini kichwa chini. Swali hamia nalo. Jibu la kule liache kule mpaka upime tena.

Baruch Blumberg, daktari na mtafiti wa Marekani, namtaja sana kwa wanafunzi. Miaka ya 1960 hakuwa akitafuta ugonjwa wa ini. Alikuwa akilinganisha damu za watu wa mataifa mbalimbali kutazama tofauti za kurithi, akakuta alama ngeni katika damu ya mzawa mmoja wa Australia. Alama ile ikaja kuonekana ni ya virusi vya homa ya ini B, kutoka hapo ikapatikana chanjo, na mwaka 1976 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1999, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya NASA inayochunguza uwezekano wa uhai nje ya dunia. Mtu kama huyo huwezi kumwambia ametupa miaka.

Kabla hujahama, maliza kuandika. Mimi niliacha makala mbili za ini hazijaandikwa, nikisema nitaziandika jioni baada ya kazi. Jioni haikuja. Data ile ilikuwa ya watu waliotoa muda na jasho pamoja nami, na mpaka leo najiona nina deni lao. Omba miezi mitatu zaidi, hata bila ya malipo kamili ikiwa unaweza kuishi nyumbani, uandike.

Na mwalimu wako wa zamani usimkate. Wa kwangu alikasirika nilipoondoka, tukakaa mwaka hatusemezani, kisha nikamwandikia habari ya PBO. Akanijibu kurasa nne.

Watu huniuliza mtu wa Pemba ataanzia wapi. Anzia pua yako inapofika. Pita karibu na kiwanda cha makonyo pale Wawi, vuta pumzi: hiyo ni eujenoli, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Kwa mdudu, eujenoli inagusa vipokezi vya oktopamini, kemikali ambayo kwake inafanya kazi kama adrenalini kwetu. Kwa mtoto mdogo aliyekunywa mafuta ya karafuu yasiyochanganywa, imewahi kuliharibu ini kwa namna inayofanana na sumu ya parasetamoli, na madaktari wakamtibu kwa dawa ile ile wanayompa aliyedhurika na parasetamoli. Kwa hivyo ile chupa ndogo ya jino iweke juu, mtoto asiifikie. Na wewe unayetafuta mada ya shahada, ini na neva za mdudu zimekutana kwenye jamvi la karafuu la baba yako.

Binti wa Wete amekubali. Anaanza Jumatatu. Jana usiku aliniuliza achukue nini, nikamwambia daftari gumu lenye kurasa zenye namba, na kalamu ambayo wino wake haufutiki kwa maji. Nguo atakazovaa azifue mapema wiki hii, azianike mbali na dawa ya mbu ya kuchoma. Asijifukize udi asubuhi hiyo, wala asipake uturi, wala asumini kichwani. Mbu kwenye vizimba watausikia kabla yake.